Maswali na majibu: chai ya mitishamba na afya yako

Maswali mengi mliyotuma safari hii yanahusu chai: ya majani ya kawaida, na ile ya maua, mizizi na viungo. Nimechagua haya.

Nina presha. Rafiki ameniambia nikinywa chai ya choya kila siku naweza kuacha vidonge. Ni kweli?

Usiache vidonge, tafadhali. Rafiki yako hakukosea kabisa, maana choya (wengine huiita rosela) ni kati ya mitishamba michache iliyopimwa vizuri upande wa presha. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo tu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikunywa vikombe vitatu vya choya kwa siku kwa wiki sita, jingine likapewa kinywaji kinachofanana nacho. Kwa wanywaji wa choya, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa pointi 7 hivi. Kwa wenzao ilishuka kama pointi 1.

Sasa zingatia jambo hili: watu hao hawakuwa wanatumia dawa za presha. Kama namba yako ya juu ni 170, kuipunguza pointi 7 hakukuondoi hatarini. Na ukichanganya choya nyingi na vidonge, presha inaweza kushuka kupita kiasi, ukasikia kizunguzungu unapoinuka. Mwambie daktari wako kwamba unainywa, kisha pima presha mara kwa mara. Kuiandaa ni rahisi: maua makavu kijiko kimoja, maji yaliyochemka, funika dakika tano au sita hadi yawe mekundu. Ni chachu, ndiyo maana watu huijaza sukari. Jizuie hapo.

Chai ya kijani na chai nyeusi, ipi bora?

Zote zinatoka kwenye mmea mmoja, *Camellia sinensis*. Tofauti ni namna majani yanavyosindikwa. Kunywa unayoipenda, bila sukari nyingi.

Nina upungufu wa damu na ninameza vidonge vya madini ya chuma. Nimekatazwa chai. Je, nihamie ya mitishamba?

Pole, dada. Mara nyingi tatizo si chai yenyewe, ni saa unayoinywa. Ule ukavu unaousikia kwenye ulimi chai ikikolea unaletwa na tanini. Tanini na jamaa zake hushikana na chuma cha mboga, maharage na nafaka, na mwili ukashindwa kukifyonza. Kikombe cha chai nyeusi pamoja na mlo kinaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma hicho. Chuma cha nyama hakiathiriki sana.

Kuhamia mitishamba hakutoshi, kwa sababu mnanaa na hata kamomili zimeonekana kuzuia chuma pia. Kutia maziwa nako hakusaidii. Kinachosaidia ni kutenganisha: kula kwanza, subiri saa moja au mbili, ndipo unywe chai yako. Vidonge meza kwa maji au juisi ya machungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Nasisitiza hili kwa sababu mtu anaweza kumeza dawa kwa uaminifu miezi mingi na damu isipande, kumbe anakishusha kila kidonge kwa chai.

Nina mimba changa na kichefuchefu hakiniachi. Tangawizi ni salama?

Kwa kiasi cha kawaida, ndiyo, na inasaidia kweli. Tafiti nyingi zimetumia karibu gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku, kwa hiyo usizidishe. Vipande vichache vibichi kwenye maji ya moto vinatosha. Mitishamba mingine usiyoijua vizuri iache hadi umuulize mkunga. Kafeini nayo isizidi miligramu 200 kwa siku. Kikombe cha chai nyeusi kina kama 40 hadi 50. Ukitapika kiasi kwamba hata maji hayakai, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Chai za kupunguza tumbo zinafanya kazi?

Nyingi zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unachopoteza ni maji na choo, na mafuta yanabaki palepale. Ukiendelea kwa wiki nyingi unapoteza pia potasiamu, madini ambayo moyo unayategemea. Soma pakiti, ukikuta jina *Senna*, iache.

Mnanaa unanizidishia kiungulia. Kwa nini?

Hulegeza mlango wa juu wa tumbo, asidi ikapanda. Jaribu tangawizi hafifu.

Kamomili inaleta usingizi?

Kwa baadhi ya watu, kidogo. Ila kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiinywe bila kumuuliza daktari. Imewahi kuhusishwa na kuvuja damu.

Mume wangu hunywa chai ikiwa inafuka moshi. Kuna ubaya?

Upo. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula, na hapo kosa ni la joto, si la majani. Mmiminie mapema, aache ipoe dakika chache.