Mchanga wa ujenzi kwenye chujio la maji

Je, mchanga wa ujenzi unafaa kwa chujio la maji la nyumbani? Ndiyo, unafaa, ila si wowote. Chukua wa mawe yaliyopondwa machimboni. Wa baharini una chumvi, na wa mtoni mara nyingi umeshachafuliwa na vijidudu na mabaki ya mimea. Upitishe kwenye chekeche la milimita 0.7, uuoshe, kisha jaribu: tia kidogo kwenye chupa ya maji, zungusha na uache. Baada ya sekunde 3 au 4 uso wa mchanga uonekane, maji yakiwa na ukungu kidogo tu. Usiuoshe mpaka maji yawe meupe kabisa, maana chembe ndogo zitaondoka na maji yatapita haraka mno.

Kinachoua vijidudu hasa ni utando hai unaoota juu ya mchanga. Huchukua hadi siku 30 kukomaa, na unahitaji maji yatulie sentimita 5 hivi juu yake. Yakizidi sana hewa haiufikii, yakikauka unakufa. Klorini, dawa ya kuua vijidudu, itiwe kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, kamwe si kabla, isije ikaua utando huo.

Kemikali zilizoyeyuka ni jambo jingine. Aseniki, ambayo ni sumu, hupunguzwa kwa misumari ya chuma isiyopakwa zinki: kutu yake huinasa. Chujio la Kanchan la Nepal hutumia kilo 5 hivi za misumari, na vipande vya matofali juu yake ili maji yanayomiminwa yasiitawanye. Floridi, inayoharibu meno ikizidi, haiondoki kwa mchanga, kwa hiyo pima maji ya kisima kwanza.