Asistanti, gadi na utafiti: nihitaji watoto wangapi?

Swali: Yaya docta, niko asistanti wa mwaka wa pili kwenye spesialite ya watoto hapa Lubumbashi. Gadi zangu, yaani zamu za usiku, ni mbili kwa wiki, mara nyingine tatu. Shefu anataka memuwari yangu, ile kazi ya utafiti ya kumaliza spesialite, iwe msingi wa tezi ya doktora baadaye. Nimewaza kuchukua dosiye za miaka 5 za watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, nitafute kwa nini wengine wanakufa. Nitaweza bila kuharibu spesialite yenyewe? Na nihitaji dosiye ngapi?

Jibu: Mdogo wangu, swali lako la pili ndilo litakalojibu la kwanza. Lakini kabla ya kuhesabu, ziache hizo dosiye za zamani.

Nilipokuwa asistanti nilizifukua mimi pia, kwenye hospitali moja nisiyoitaja. Jumamosi za miezi mitatu ziliishia kwenye vumbi la stoo. Mwishoni nikakuta uzito wa kuzaliwa haukuandikwa kwenye dosiye nyingi, hasa za watoto waliofariki. Na ndivyo itakavyokuwa popote. Mtoto anayeletwa saa 8 usiku akafariki kabla ya kupambazuka anaacha karatasi moja; aliyelazwa wiki mbili anaacha dosiye nene kama Biblia. Ukizichanganya, utasoma habari za walionusurika huku ukidhani unasoma za waliokufa. Hakuna programu ya statistiki inayoweza kurudisha uzito ambao hakuna aliyeupima.

Andikisha watoto kuanzia sasa kwenda mbele, kwa fomu ya ukurasa mmoja inayojazwa mtoto akipokelewa. Hapo ndipo utafiti na spesialite vinapokutana: vitu utakavyoandika ni vile vile unavyopaswa kuangalia kitandani. Joto, pumzi kwa dakika, uzito, ananyonya au anakataa, amepata degedege au la, kifua kinaingia ndani au hakiingii, saa aliyofika, saa ya antibiotiki ya kwanza. Hiyo saa ya antibiotiki ndiyo ningeigombania zaidi. Dosiye zinasema dawa iliandikwa. Ni chache zinazosema ilichomwa saa ngapi, na kati ya hayo mawili kuna safari ya baba kwenda famasi.

Amua mapema nani anahesabiwa kuwa mgonjwa. Kipimo cha kuotesha damu maabara ili kutafuta vijidudu huwezi kukipata kwa kila mtoto, basi tumia dalili za maambukizi makali zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani, ziandike kwenye protokoli (mpango wa utafiti), na usizibadilishe katikati ya njia kwa sababu idadi imekuwa ndogo.

Sasa hesabu. Tuseme unategemea vifo 20 kwa kila watoto 100, na unataka jibu lisilokosea zaidi ya pointi 5 za asilimia juu au chini. Unachukua 1.96 (namba ya kawaida ya uhakika wa asilimia 95) mara yenyewe, mara 0.20, mara 0.80, unagawa kwa 0.05 mara yenyewe. Unapata watoto 246. Kama serivisi yako inapokea 12 wa aina hiyo kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya miezi 20. Ukikubali pointi 7 badala ya 5, wanashuka hadi 126, na miezi 11 inatosha. Namba hizo 20 na 12 ni za mfano; weka za kwako.

Lakini kuna mtego ambao maasistanti wengi huingia. Kati ya watoto 126, vifo vitakuwa kama 25. Desturi ya wanastatistiki ni kuwa na vifo kama 10 kwa kila sababu unayoingiza kwenye modeli, yaani hesabu inayopima sababu kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo una nafasi ya sababu mbili, tatu ukijikaza. Ukimletea shefu jedwali la sababu 14 zilizopimwa kwa vifo 25, hilo jedwali ni la kubahatisha. Chagua mbili sasa hivi, kabla ya mtoto wa kwanza.

Usione haya kwa sababu watoto ni wachache. Mfano uko hapa hapa Lubumbashi: kati ya 2013 na 2015 watafiti wa hapa na wenzao wa Ubelgiji waliandikisha watoto wachanga 138 wenye kasoro za kuzaliwa zinazoonekana na 108 wasio nazo, wakapima metali, wakauliza wazazi wanafanya kazi gani. Makala ilitoka 2020 kwenye The Lancet Planetary Health, na kazi ya baba kwenye migodi ilionekana kuhusiana na kasoro hizo. Swali hilo lisingeweza kuulizwa vizuri na mtu asiyeishi kwenye mji wa shaba na kobalti.

Ruhusa ya kamati ya maadili itangulie mtoto wa kwanza. Karatasi ya ridhaa usiiandike kwa Kifaransa tu halafu ukamtafsiria mama harakaharaka kwenye koridoo. Iandike kwa Kiswahili chetu, umsomee, umwambie wazi kwamba akikataa mtoto atatibiwa vile vile.

Vifaa havina shida siku hizi. Kwa KoboToolbox unajaza fomu kwenye simu hata bila mtandao, R, programu ya statistiki, ni ya bure, na kwa makala uliza maktaba ya fakilite kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufungulia nchi maskini majarida ya tiba. Majina ya watoto yasiingie kwenye simu. Mpe kila mtoto namba badala ya jina, na daftari la majina lifungiwe.

Kuhusu muda sitakudanganya. Uingereza kuna nafasi za madaktari wadogo ambapo robo ya muda wa kazi imetengewa utafiti. Kwetu robo hiyo utaichota kwenye usingizi wako usipokuwa mwangalifu. Usiandike kitu chochote asubuhi baada ya gadi. Nimewahi kufuta kurasa za namna hiyo, zote. Fundisha wauguzi wawili na stazhia (mwanafunzi wa udaktari) mmoja kujaza fomu, maana usiku ambao haupo watoto wanaendelea kufika, na ukiwaruka umerudi kwenye kosa la dosiye. Hao wauguzi watajwe kwenye shukrani, na wakichangia kuandika, waingie kwenye waandishi. Ongea na shefu leo kuhusu jina la nani linatangulia kwenye makala, kabla hakujawa na kitu cha kugombania.

Wiki hii fungua rejista ya serivisi, hesabu watoto wa aina hiyo kwa miezi 6 iliyopita, mwezi kwa mwezi, msimu wa mvua na wa kiangazi. Niletee hiyo namba, ndipo tutajua kama swali lako linaingia kwenye miaka iliyobaki.