Fumua Mkopo Wako Soko Likiwa Bado Limetulia

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Ameweka ETH yake, sarafu ya mtandao wa Ethereum, kwenye huduma ya Lido akapewa stETH, tokeni inayowakilisha ETH iliyowekwa humo, akaiweka stETH kuwa dhamana Aave, jukwaa la kukopeshana sarafu za kidijitali, akakopa ETH, akaigeuza tena kuwa stETH, na kuurudia mzunguko huo hadi nafasi ya kukopa ilipokaribia kwisha. Kisha akachukua na deni la USDC, sarafu inayofuata thamani ya dola, juu yake. Anauliza ETH ikishuka hadi bei gani atafilisiwa, yaani dhamana yake iuzwe kulipa deni. Hakuna bei moja ya kumtajia, kwa kuwa madeni yake mawili yanakua kwa riba tofauti, na siku ya kutoka atategemea pia stETH inauzwaje sokoni. Juni 2022 iliuzwa kwa punguzo la zaidi ya asilimia 5 dhidi ya ETH, na waliokuwa wamezidisha mtaji kwa mikopo mara tatu au nne wanajua punguzo hilo liliwagharimu nini.

Mimi nilifumua mzunguko kama huo soko likiwa bado linapanda. Wenzangu katika kundi letu la Telegram waliniita mwoga, na sitaficha kwamba neno hilo bado linaniuma, ingawa baadhi yao ndio wanaoniomba leo niwaoneshe hesabu yangu. Sasa nina dhamana moja, deni moja, jukwaa moja. Mwenye ETH 10 na deni la USDC 12,000, ikiwa ukomo wa kufilisiwa, yaani sehemu ya thamani ya dhamana ambayo deni halipaswi kuizidi, ni asilimia 80, hugawa 12,000 kwa 8 (asilimia 80 ya ETH 10) na kupata dola 1,500, bei ya kufilisiwa. Bei ikiwa dola 3,000, kipimo chake cha afya, yaani asilimia 80 ya dhamana ikigawanywa kwa deni, ni 2; kikishuka chini ya 1 anafilisiwa. Mtu asiyeweza kuifanya hesabu hiyo bila kufungua kompyuta amekopa asichokielewa.

Namna ya kufumua haina siri. Unaweza kutoa dhamana kidogo, kuiuza, kulipa deni na kurudia, ukilipia ada ya mtandao kila hatua. Au utumie mkopo wa papo kwa papo, unaolipa deni, kuachilia dhamana, kuiuza na kujirejesha wenyewe ndani ya muamala mmoja. Nilichagua njia ya pili, na ningeichagua tena. Ukifumua kidogo kidogo, anza na mzunguko wa juu kabisa, ule uliouongeza mwisho.

Usiweke kila kitu dhamana. Tarehe 12 Machi 2020 ETH ilipoporomoka kwa zaidi ya asilimia 40, mtandao ulisongamana, ada zikapaa, na katika minada ya MakerDAO, jukwaa jingine la mikopo, dhamana ya zaidi ya dola milioni 8 ilichukuliwa kwa zabuni za sifuri za DAI, sarafu ya jukwaa hilo inayofuata thamani ya dola, huku wenye madeni wakihangaika kupitisha miamala ya kujiokoa. Acha ETH kidogo kwenye pochi, isiyofungwa popote, na uihesabu kuwa ni ada ya siku kama hiyo.