Jiwe lililopinduliwa la Escomb

SWALI: Baba Fundi, salamu kutoka Himbi. Binti yangu anasoma Durham, Uingereza. Ametutumia picha za kanisa dogo la kijiji cha Escomb. Ukutani kuna jiwe lenye herufi LEG VI, zimekaa kichwa chini. Waashi walikosea, ama hawakujua kusoma?
– Mama wa Himbi, Goma

JIBU: Mama, sioni kosa hapo. Kanisa hilo lilijengwa karibu mwaka 675, na mawe yake mengi yalitolewa Binchester, ngome ya Waroma iliyokuwa jirani. Utawala wa Roma ulikuwa umekwisha huko zaidi ya miaka 250 kabla. LEG VI ni Legio ya Sita, kikosi cha jeshi la Roma; askari wake walichonga alama hiyo kwenye jengo lao. Mwashi wa Escomb alihitaji jiwe lenye uso ulionyooka, naye akalilaza lilivyokaa vizuri.

Kwenye picha, mimi ningeanzia pembe za ukuta. Mawe makubwa kabisa yamewekwa hapo kwa kupishana, moja likilalia ukuta huu, la juu yake likilalia ule, hata kuta mbili zikashikana. Hapa Goma, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, tulivunja lava ileile iliyofunika nyumba zetu, tukajengea. Fundi kijana akiniwekea vijiwe pembeni, namwambia abomoe, hata kama sima imeanza kukauka.

Lakini kinachonigusa zaidi ni tao la ndani, refu na jembamba, kati ya ukumbi wa waumini na altare. Wataalamu wengi wanaona lilifunguliwa kutoka jengo la Waroma, likasimamishwa upya Escomb. Mama, hiyo ni kazi ngumu sana! Kila jiwe la tao limechongwa kwa nafasi yake. Ukivuruga mpangilio, tao halifungi. Aliyelihamisha alijua kabisa anachokifanya, nami namheshimu.

Madirisha madogo ya juu ni ya zamani. Yale yenye ncha yaliongezwa baadaye. Mwaka 1863 kijiji kilipata kanisa jipya, hili likaachwa mpaka paa likaharibika, kisha likatengenezwa kati ya 1875 na 1880.

Binti akirudi huko, atazame ukuta wa kusini. Kuna saa ya jua ya mawe, nyoka amechongwa juu yake. Atupigie picha ya karibu, tafadhali.