Umetoka kwenye usaili, simu haijalia

Msomaji mmoja wa Ngamiani ameniandikia wiki hii. Alifanya usaili wa ukarani kwenye kampuni ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Tanga. Wiki tatu zimepita, kimya. Amepiga simu mara kumi na moja, nyingine kabipu tu, na juzi katuma meseji: "Mbona hamnijibu, au nimekosa?" Anataka kujua afanye nini sasa.

Kwanza aache kupiga. Kisha aelewe faili lake liko wapi.

Kwenye kampuni binafsi, usaili ukiisha faili huanza safari. Waliokuhoji wanajumlisha alama, mkuu wa idara anachagua, mhasibu anaulizwa kama mshahara huo umo kwenye bajeti, halafu inasubiriwa saini ya mkurugenzi, ambaye mara nyingi anakaa Dar. Ndipo anapigiwa aliyeshika namba moja. Huyo akiwa na kazi kwingine, na analipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Ndani ya siku hizo bosi wake anaweza kumwongezea mshahara, naye akabaki palepale. Hapo ndipo namba mbili anapotafutwa. Kwa hiyo wiki tatu za kimya hazimaanishi umekosa. Pengine wewe ndiye namba mbili, na ile meseji ya "mbona hamnijibu" ndiyo itakayofanya namba tatu apigiwe kabla yako.

Ufuatiliaji unaanza kabla hujanyanyuka kwenye kiti. Wakikuuliza kama una swali, uliza matatu: majibu yanatarajiwa lini, niwasiliane na nani, na kwa njia gani. Ukitoka nje andika hayo kwenye daftari, pamoja na majina ya waliokuhoji na jambo moja mlilozungumza kwa kirefu. Usitegemee kichwa, jioni utakuwa umeshasahau nani alikuwa nani.

Jioni hiyohiyo, au kesho yake kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, tuma barua pepe ya shukrani. Kwenye kichwa cha habari weka jina la nafasi na tarehe ya usaili, kwa sababu mtu huyo anaweza kuwa anaajiri nafasi tatu kwa wakati mmoja. Sentensi tano zinatosha:

"Habari za asubuhi, Bi. (jina). Nashukuru kwa muda mlionipa jana kwenye usaili wa karani wa forodha. Maelezo yenu kuhusu nyaraka zinazochelewa kabla meli haijafunga gati yamenionyesha kazi ilipo. Mfumo mlioutaja nimeutumia kwa miaka miwili, hivyo naweza kuanza bila kufundishwa upya. Nasubiri majibu wiki ijayo kama mlivyoeleza, na nipo tayari kuleta nyaraka yoyote mtakayohitaji."

Sentensi ya tatu ndiyo yenye kazi. Bila kitu mahususi mlichozungumza, barua yako inafanana na ya kila mtu. Usiambatanishe wasifu wako tena, wanao. Usaili ukifanyika kwa Kiingereza, andika kwa Kiingereza. WhatsApp itumie pale tu wao walipoanza kukutafuta kwa WhatsApp, na hata hapo usitume ujumbe wa sauti. Nani atausikiliza katikati ya kikao?

Kama walikupa tarehe, subiri ipite na uongeze siku mbili za kazi. Kama hawakukupa, hesabu siku saba za kazi. Hapo andika mistari mitatu: wewe ni nani, ulihojiwa lini, mchakato umefikia hatua gani. Baada ya siku kumi za kazi nyingine, piga simu mara moja. Wiki mbili baadaye tuma ujumbe wa mwisho kwamba bado una nia, kisha funga daftari na uendelee kuomba kwingine.

Simu nayo ina wakati wake. Kwenye ofisi nyingi za hapa anayeajiri ndiye huyohuyo anayeandaa mishahara, na kodi ya wafanyakazi inatakiwa ifike TRA isizidi tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo kati ya tarehe 25 na tarehe 7 utamkuta kavurugwa. Jumatatu asubuhi kuna vikao. Ijumaa kuanzia saa sita watu wako msikitini, hilo mtu wa Tanga haambiwi. Piga Jumanne hadi Alhamisi, saa nne asubuhi, jitambulishe kwa jina kamili na nafasi, uliza hatua iliyofikiwa, shukuru, kata. Asipopokea usirudie siku hiyo, wala usipige kwa namba ya dada yako.

Mji wetu mdogo. Aliyekuhoji utakutana naye Raskazone jioni au kwenye maziko. Msalimie kama unavyomsalimia mtu mzima yeyote, uishie hapo. Na mjomba mwenye kujuana na mkurugenzi mwache apumzike: simu yake ikifika, waliokupa alama nzuri kwa haki wataanza kuonekana wamekubeba.

Serikalini ni habari nyingine. Ukisailiwa na Sekretarieti ya Ajira, hakuna wa kumwandikia shukrani wala wa kumpigia akuharakishie. Matokeo na majina ya wanaoitwa kazini hutangazwa kwenye tovuti yao, nawe unafuatilia akaunti yako ya Ajira Portal. Aliyefaulu lakini nafasi zikajaa huwekwa kwenye kanzidata, na anaweza kuitwa baadaye bila kuomba upya. Hakikisha tu namba ya simu iliyoko kwenye akaunti ni ile unayoitumia.

Matapeli wanajua unavyongoja. Akikupigia mtu kwamba umepita, utume elfu hamsini ya vipimo au ya fomu, usibishane naye. Akituma meseji, ipeleke namba 15040, ya kuripoti matapeli, kisha uliza ofisini kwa namba uliyoandika kwenye daftari lako.

Waambie pia wadhamini wako kwamba umefanya usaili, wapi na wa kazi gani, ili wasishtuke kupigiwa na namba ngeni.

Jibu likija kwamba umekosa, andika mistari miwili ya shukrani na uombe wakukumbuke. Aliyechukuliwa kwa kawaida huwekwa kwenye majaribio ya miezi mitatu hadi sita, na wapo wasioyamaliza. Msomaji wangu wa Ngamiani bado ana ujumbe mmoja wa kutuma: aombe radhi kwa ile meseji kwa sentensi moja, aseme nia yake ipo, na asiulize kitu.