Dogo anapata 46 badala ya 22

Mkuu, hiyo 46 ya dogo imetoka wapi naiona kabisa. Swali ni 3x² − 2y, x = −2 na y = −5, yeye kazidisha 3 kwa −2 kwanza akapata −6 ndo akaipandisha kipeo, ikawa 36, akajumlisha 10. Sasa hapo y kaipatia fresh tu, mwambie asikate tamaa. Kipeo ni cha x peke yake, kwahiyo (−2)² = 4, mara 3 ni 12, halafu −2(−5) ni +10, jumla 22.

Tatizo wengi tumekaririshwa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) na humo kipeo hakimo, kinakaa baada ya mabano kabla ya kugawanya, na pia isimdanganye kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa, hizo unaenda nazo kushoto kwenda kulia, 10 − 4 + 3 ni 9 sio 3.

Mlazimishe kila herufi anayoitoa aweke mabano matupu kwanza, 3( )² − 2( ), ndo ajaze namba. Na kwenye kalkuleta pia, ukibonyeza −2² bila mabano nyingi zinakupa −4.