Barua kwa mwanangu: kabla hujamng'oa macho kiumbe wako

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata na picha zote nimeziona, hata ile iliyotoka na ukungu nimeikuza mpaka nikauona uzi wa mshono wa chini ya kwapa. Swali lako ni fupi tu, kwamba huyo kiumbe wako wa manyoya uliyemshona kwa mkono umemmaliza, kila kitu kiko mahali pake, ila anaonekana mfu, na je umng'oe hayo macho ya kioo umwekee makubwa zaidi au umwache nayo. Nilitaka nikujibu kwa simu tukamalizana, lakini kila nikifungua mdomo kusema habari za macho najikuta nazungumzia mgongo na makalio, kwa hiyo nimeona bora niandike, we soma taratibu ukipata nafasi.

Fungua tena ile picha ya ubavu. Umemweka mezani, lakini hajakaa. Miguu ya nyuma inagusa meza kwa ncha za kucha, chini ya tumbo pana upenyo unaona mwanga upande wa pili, mgongo umenyooka kuanzia mkiani mpaka shingoni na kichwa kimesimama wima juu yake. Mnyama mwenye nyama na mifupa hawezi kukaa hivyo hata dakika moja, angechoka. Paka wa hapo kwako akikaa mtazame vizuri, tumbo linamwagika, bega moja linashuka, ngozi ya shingo inajikunja pale kichwa kinapogeuka. Mi unanijua, hili nalisema tangu ulipokuwa unaokota vipande vya kitambaa chini ya cherehani: uhai wa kiumbe unaanzia kwenye uzito. Watu wanakimbilia macho kwa sababu macho yanang'aa na unaweza kuyanunua yakiwa tayari, uzito hauonekani kwenye picha wala hakuna anayekusifia, lakini mtu akimpokea mkononi anajua papo hapo kama ameshika kiumbe au ameshika kitambaa.

Umeandika kwamba ndani umejaza pamba ya poliesta peke yake. Basi ndo hapo. Pamba inajaza, haikalishi. Shona vifuko vidogo vya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, tia vishanga vidogo vya kioo au gololi ndogondogo za chuma, usijaze mpaka kifuko kikakaza, acha nafasi ili vitembee humo ndani mtu akimgeuza, funga mdomo kwa mshono wa kurudia mara mbili maana gololi moja ikitoroka utaitafuta mwili mzima. Kifuko kikubwa kikae chini kabisa kwenye makalio, kingine tumboni, na vidogo sana kwenye nyayo za mbele. Pamba ivizunguke pande zote. Kichwa ndo unafanya kinyume chake, kinatakiwa kiwe chepesi, ndani unaweka donge la karatasi ya foili ulilolikandamiza vizuri, udongo wa polima, ule wa plastiki unaofinyangwa kisha unaivishwa kwenye oveni, unakuwa ganda tu juu yake. Faida yake ni mbili, shingo haielemewi, na udongo wenye unene unaolingana unaiva sawasawa. Ule ninaotumia mi pakiti inasema nyuzi 130 za Selsiasi, robo saa kwa kila milimita 6 za unene, kuna aina nyingine wanataja 110 kwa nusu saa, kwa hiyo we shika ya pakiti yako usishike ya kwangu.

Na waya wa mifupa yake ya ndani. Umeniambia umetumia waya wa chuma kwa sababu ndo uliokuwepo. Chuma kinarudi, mwanangu. Unaukunja mgongo vizuri unaridhika, ukimvalisha manyoya unakuta umejinyoosha tena kidogo, na hicho kidogo ndicho ninachokiona kwenye picha. Alumini ukiikunja inabaki ulipoiacha. Unaikunja mara mbili unaisokota, ncha unazipinda ziwe vitanzi zisije zikatoboa kitambaa, ila usiichezeechezee pale pale kila siku maana itakatika humo ndani na kuifuata itabidi ufumue.

Sasa najua ushajua naelekea wapi. Yule kiumbe wangu wa mahameli.

Gauni la mama yako la rangi ya damu ya mzee unalikumbuka, lile alilovaa kwenye picha ya sebuleni. Alinipa kwa mkono wake, ingawa usiku ule hakulala vizuri na asubuhi aliniuliza kama nimeshalikata. Nilikuwa nimelikata. Mahameli ina mwelekeo, ukiipapasa huku inalala ukiipapasa kule inasimama, na nilipanga kila kipande ili mkono ukitoka kichwani kwenda mkiani upite bila kukwazwa. Uso nilifinyanga, masikio nikakata feliti, kile kitambaa kinene cha sufi iliyogandamizwa, mabawa nikatumia oganza, kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, juu ya mifupa ya waya mwembamba, nikayapaka pasteli ya unga kwenye mishipa kisha nikayakunja juu ya mgongo, kwa sababu yule alikuwa kiumbe aliyelala. Macho yake yalifumba karibu yote, umebaki mstari tu wa kioo chini ya kope. Gololi za tumboni nilizipima kwa kumlaza mapajani mara kwa mara mpaka siku moja nikamlaza nikasahau kwamba yupo, nikaendelea kusoma.

Ndo nikampeleka kwenye yale maonyesho. Niliwakabidhi jioni nikiwa nimemlaza kwenye kisanduku chake, kwenye karatasi nikaandika alazwe juu ya meza. Kesho yake tunaingia, wewe, mimi na mama yako, nazunguka meza zote simwoni. Ni wewe uliyenyoosha kidole juu. Walikuwa wamemfunga uzi wa kuvulia samaki chini ya mabawa wakamning'iniza darini. Mabawa yamevutwa wazi, yale niliyoyakunja kwa subira mkunjo mmoja mmoja, gololi zote zimeshukia mkiani, kichwa kimeangalia juu na shingo imevutika mpaka unaona waya unasukuma mahameli. Nikamfuata msimamizi nikamuuliza, akanijibu bila ubaya wowote, "Si ana mabawa mzee, watu watataka kumwona anaruka."

Jibu hilo bado ninalo kifuani. Miaka imepita, nimeshatengeneza wengine wengi, watu wamewapenda, na bado nikiwa nafua au natembea linanirudia na ninaanza kumjibu yule mtu upya. Siku nyingine najiambia alikuwa na haki, maana ukimpa kiumbe mabawa umewaahidi watu kitu, hata bata akiwa amekaa kwenye tope mtu anajua kwamba anaweza kuondoka. Halafu najiuliza, mbona bata hakuna anayemfunga kamba? Hapana. Alisoma karatasi, akaona neno la mtu aliyemtengeneza, akaliweka pembeni kwa sababu alishamwona kwa macho na hakumshika. Angemshika hata kidogo tu, angemtoa kwenye kisanduku kwa mikono miwili, asingeweza kumfunga ule uzi.

Na mama yako, ambaye wala hakuwa upande wangu kwenye habari ya lile gauni, akavuta kiti akapanda, we umeshikilia miguu ya kiti, akakata uzi kwa meno. Bawa la kushoto lilikuwa limeshachanika kwenye mshono wa bega. Akamshusha, na sasa hapa ndo ninapotaka uniangalie vizuri, akamshika kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, mkono mmoja ukaenda chini ya makalio wenyewe, kichwa kikaangukia begani kwake kwa sababu ni chepesi na shingo imelegea, uzito wote ukashuka ukatulia kwenye kiganja. Akashuka nao kwenye kiti huku anamgombeza yule msimamizi, na muda wote anaomgombeza mkono wake mwingine unampigapiga yule kiumbe mgongoni. Hakujua anafanya hivyo! Nilipomwambia kwenye gari alikataa. Mi niliona, na furaha niliyoipata pale inakaa moyoni pamoja na lile jeraha, siwezi kukumbuka kimoja kingine kisije.

Ndiyo maana nakwambia uhai unaanzia kwenye uzito. Macho yake mama yako hakuyaona kabisa, yalikuwa begani.

Najua utanipinga, we ulivyo, na mwenyewe nimejipinga sana kwenye jambo hili. Mwaka 1955 Jim Henson alichukua koti kuukuu la mama yake akalikata akatengeneza Kermit wa kwanza, yule kikaragosi wa kuvaa mkononi wa kwenye televisheni, macho ni mpira wa tenisi ya meza uliokatwa nusu kwa nusu. Hakuna gololi humo wala kishanga. Kitambaa na macho basi, na dunia nzima ikaamini kwamba yu hai. Hilo lilinisumbua muda mrefu. Ila yule ana mkono wa mtu ndani, kiganja ndicho kinachomkalisha, kinachomfanya ainame na ashtuke na ageuke taratibu, kwa hiyo uzito anao, ameazimwa na mtu. Wa kwako akibaki peke yake mezani ataazimwa na nani? Margarete Steiff, yule fundi wa kushona wa Ujerumani, naye mwaka 1880 alishona tembo wa feliti wa kuchomekea pini, watoto ndo wakamfanya wa kuchezea. Na dubu wa kuchezea wa zamani walijazwa nyuzi nyembamba za mbao, mtoto akimkumbatia anakutana na kitu kinachomzuia.

Lakini pia sitaki kujifanya macho si kitu. Yapo mambo ambayo uzito hauwezi kuyafanya, uzito hautakuambia kiumbe anawaza nini, unakuambia tu kwamba yupo. Nimeona kazi za watu, mwili mwepesi kabisa umetundikwa ukutani, na macho yale yakakufuata mpaka ukaona haya. Kwa hiyo labda nakosea kuweka hili mbele ya lile. Sidhani, lakini labda.

Haya, macho yako. Kazi ya kioo umefanya vizuri, ile ya kupaka rangi nyuma ya kioo bapa tabaka kwa tabaka mpaka mboni ikaonekana iko ndani kabisa imekutoka kuliko zangu za mwanzo zote. Ninachokiona ni kwamba duara lote liko wazi, weupe unazunguka rangi pande zote, hakuna kope. Jicho la namna hiyo linakuwa limeshtuka, na likishtuka siku zote linakuwa halioni kitu. Ukiongeza ukubwa utaongeza mshtuko. Unaona, nishaanza kukuamulia, na nilijiwekea kwamba sitakuamulia. Ni kiumbe wako, we ndo unajua anatakiwa awe wa namna gani, labda unamtaka ameshtuka. Jibu ninalo na nalizuia kwa shida kweli.

Nikuombe tu utaratibu. Kwanza fumua tumbo, huo mshono wa chini ndo rahisi, badilisha waya wa mgongo kama unafikika, tia vifuko, mkalishe. Ukimfunga tena shona kwa mshono wa kuficha, halafu chukua ncha ya sindano uyavute yale manyoya yaliyonaswa kwenye mshono yatoke nje, mstari utapotea. Ukihitaji kipande kipya cha manyoya kata kwa wembe upande wa nyuma, kitambaa tu, mkasi unakata na manyoya yenyewe unaachiwa kovu. Kisha ujaribu kope kabla ya kung'oa chochote, tumia epoksi ya kukanda, ile gundi nzito ya sehemu mbili unazozichanganya kwa vidole, inakauka yenyewe bila oveni, maana kichwa kimeshavaa manyoya na hicho usikirudishe kwenye moto kwa namna yoyote. Kanda kipande chembamba, funika sehemu ya juu tu ya jicho, jicho moja lishuke kidogo kuliko jingine. Kabla haijakauka unaweza kuitoa, kwa hiyo hujapoteza kitu. Vaa glavu na fungua dirisha.

Ukishamkalisha, mweke mezani, ondoa mikono kabisa, mpige picha ya ubavu unitumie. Macho tutayaongea baada ya hapo na nitakusikiliza wewe kwanza. Mama yako ameziona picha anasema mabawa ya huyo wako usiguse, yako sawa, na kama utapenda kope za feliti badala ya epoksi na unakosa kitambaa ana sketi ya zamani anaweza kukutumia.

Baba yako